Rafiki Ndiye Anayejua Kwanza

Mwezi Machi 1998, wazazi wa kijana mmoja wa jimbo la Colorado, Marekani, walipeleka kwa polisi wa wilaya yao kurasa zilizochapwa kutoka kwenye tovuti. Mwenye tovuti alikuwa akisoma shule moja na mtoto wao. Alijigamba humo kwamba anatengeneza mabomu, na alimtaja kijana wao kwa jina kuwa ni mtu anayetamani kumuua. Malalamiko hayo hayakutupwa kapuni siku hiyo hiyo. Iliandikwa hata rasimu ya maombi ya kibali cha kupekua nyumba. Rasimu haikufika kwa hakimu. Tarehe 20 Aprili 1999, mwenye tovuti na rafiki yake waliingia na silaha katika shule yao, Columbine, wakaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bunduki, na kweli ni cha bunduki. Marekani silaha hupatikana kwa wepesi ambao sisi huku hatuujui. Lakini ile rasimu ndiyo inayoumiza kichwa. Kitisho kilikuwa kimeandikwa mtandaoni, tena zaidi ya mwaka mzima kabla. Kilisomwa. Kikaripotiwa. Kisha kikapotelea mikononi mwa watu wazima.

Juni mwaka huo huo wa 1999, Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, ilishirikiana na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo kuanza kuchunguza mashambulizi ya shuleni. Walinzi wa rais wanatafuta nini darasani? Walikuwa wametoka kumaliza utafiti mwingine uliowapindua fikra zao wenyewe. Mwanasaikolojia Robert Fein na ofisa Bryan Vossekuil walichambua maisha ya watu 83 walioshambulia, au waliokaribia kushambulia, viongozi na watu mashuhuri nchini humo kuanzia 1949. Desturi ya kazi ile ilikuwa kumwandama kila anayeandika barua ya kumtisha mkubwa. Utafiti ukaonesha kwamba katika wale waliofikia kushambulia kweli, hakuna aliyempelekea mlengwa wake kitisho cha moja kwa moja kabla ya tukio. Kutisha ni jambo moja, kuwa hatari ni jingine, na mara nyingi mambo hayo mawili hayakai kwa mtu mmoja.

Kwa jicho hilo ndipo walipoingia shuleni. Walikusanya mashambulizi 37 yaliyofanywa na wanafunzi 41, kuanzia Desemba 1974 hadi Mei 2000. Walisoma majalada ya polisi, ya mahakama, ya shule na ya matibabu, wakazungumza ana kwa ana na 10 kati ya washambuliaji. Ripoti ya mwisho ilitoka Mei 2002.

Kitu ambacho kila mzazi na kila mwalimu wa nidhamu angependa kukipata katika ripoti ile ni sura ya mshambuliaji: tuambieni anafananaje, tumjue, tumtoe. Hakikupatikana. Karibu theluthi mbili waliishi na wazazi wote wawili. Asilimia 41 walikuwa wakipata alama nzuri darasani, na asilimia 5 tu ndio waliokuwa wakifeli. Karibu theluthi mbili hawakuwahi kuwa na kesi shuleni, au walikuwa nazo mara chache sana. Na yule mtoto mpweke wa kwenye sinema, anayekaa kona peke yake na koti jeusi? Theluthi moja hivi ndio walioonekana wapweke. Waliobaki walikuwa na marafiki wa namna moja au nyingine.

Hata kama sura ingepatikana, hesabu ingeikataa. Chukua mfano wa kubuni. Nchi ina wanafunzi milioni moja, na mmoja kati yao anapanga kuua. Tuseme kuna kipimo cha ajabu kinachopatia kwa asilimia 99, kipimo ambacho hakuna mwanasaikolojia duniani aliye nacho. Pengine kitamnasa yule mmoja. Ila kitakosea kwa asilimia moja ya waliobaki, na asilimia moja ya milioni ni watoto 10,000. Utakuwa umeshika orodha ya majina elfu kumi na ushei, mmoja wao ni hatari, na humjui ni yupi. Ukiwafukuza wote umeharibu maisha ya maelfu. Ukiwaacha wote umerudi pale ulipoanzia. Jambo likiwa nadra sana, hata kipimo bora huokota wengi wasiohusika. Ndiyo maana wataalamu waliacha kuuliza mtoto huyu ni wa aina gani, wakaanza kuuliza mtoto huyu anafanya nini.

Hapo ndipo ulipo ugunduzi wenyewe. Katika asilimia 81 ya mashambulizi yale, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo lile. Katika asilimia 59, waliojua walizidi mmoja. Na wajuaji hao karibu wote walikuwa wa rika lake: rafiki, mwanafunzi mwenzake, kaka au dada. Ndivyo ilivyokuwa katika asilimia 93 ya kesi ambazo kuna mtu alijua. Aliyelengwa, kwa upande wake, alitishwa waziwazi katika asilimia 17 tu ya matukio. Maneno yalikuwepo, lakini hayakwenda kwa adui wala kwa mwalimu. Yalikwenda kwa rafiki.

Mary Ellen O'Toole wa FBI alikuwa ameshaandika juu ya jambo hilo mwaka 2000, akaliita kuvuja. Nia huvuja kwa njia nyingi: insha, mchoro pembezoni mwa daftari, majigambo, mzaha unaorudiwa mno, ombi la kusaidiwa kupata kitu fulani, au onyo la kumwonea huruma mwenzake: Ijumaa usije shule. Kijana anayebeba mzigo wa namna hiyo anataka kuogopwa, anataka kusifiwa, na wakati mwingine anataka kuzuiwa. Ripoti ya Secret Service nayo ilionesha kwamba asilimia 71 ya washambuliaji walijiona wameonewa, kuteswa au kuumizwa na wenzao kabla ya tukio, na kwamba asilimia 78 waliwahi kuwaza kujiua au kujaribu kujiua wakati fulani. Takwimu hii ya pili huwa naisoma mara mbili. Mtoto anayesema atawamaliza wengine mara nyingi ameshajikatia tamaa yeye mwenyewe, na anayemwona kama mhalifu tu anakuwa ameona nusu ya habari.

Utafiti huu una upungufu wake, na watafiti hawakuuficha. Walitazama waliofanya, hawakutazama waliosema maneno yale yale wasifanye. Baada ya tukio kila neno huonekana dalili. Rafiki aliyesikia mzaha siku ya Jumatatu, Jumatano akiona damu, ataapa kwamba alijua. Kwa hiyo asilimia 81 haimaanishi kwamba wanne kati ya watano wangezuiwa kwa urahisi. Hata hivyo, mwaka 2021 Secret Service ilitoa uchambuzi wa njama 67 zilizozimwa kabla ya kutekelezwa katika shule za Marekani kati ya 2006 na 2018, na huko nako picha ilikuwa ile ile kwa upande wa pili. Njama nyingi ziligunduliwa kwa sababu wapangaji walisema, na walioleta habari mara nyingi zaidi walikuwa wanafunzi wenzao. Kilichozitenganisha na Columbine ni kwamba mtu mzima aliyeambiwa alifanya jambo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuhusu kuvuja, wahenga walipatia. Lakini mwalimu mkuu hawezi kuendesha shule kwa methali hiyo peke yake, maana watoto husema mengi. "Nitakuua wewe!" ni kauli inayosikika katika kila uwanja wa mpira wa shule ya msingi, na baada ya dakika kumi aliyeitoa anagawana muhogo na aliyetishwa. Hapa ndipo kazi ya Dewey Cornell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia, inapotusaidia kuliko ile ya Secret Service, ingawa haijulikani sana. Yeye na wenzake walitengeneza utaratibu wa kupima vitisho, wakaujaribu katika shule 35 za Virginia. Katika mwaka mmoja wa masomo walikusanya vitisho 188. Asilimia 70 vilikuwa vya kupita: hasira, utani, ubishi, maneno ya kuropoka. Asilimia 30 ndivyo vilivyokuwa vya dhati. Watafiti walipofuatilia baadaye, hawakupata kitisho cha kuua kilichotekelezwa.

Kinachotenganisha vya kupita na vya dhati si ukali wa maneno. Mtoto anaweza kutoa kauli ya kutisha kupindukia na isiwe na kitu nyuma yake. Mwingine anaweza kusema kwa upole "mtaona" na akawa ameshapanga. Wapimaji huuliza mambo ya kawaida kabisa. Ana mtu maalumu anayemlenga? Amesema namna, siku, mahali? Amerudia kauli hiyo kwa watu mbalimbali? Ameanza kutafuta vifaa? Amemshawishi mwenzake amsaidie, au amewaalika wengine waje kutazama? Kuna jambo gani lililomkuta karibuni, msiba, aibu, kuachwa, kufukuzwa? Mtoto aliyetoa kitisho cha kupita hueleza alimaanisha nini, huomba radhi, huzungumza na aliyemtisha, na mambo huishia hapo. Kitisho cha dhati huanza kazi nyingine: aliyelengwa hulindwa na wazazi wake huambiwa, aliyetisha husimamiwa kwa karibu, na watu watatu au wanne, wakiwemo mkuu wa shule, mshauri nasaha na polisi, hukaa pamoja kupanga namna ya kumtoa mtoto yule kwenye njia aliyoishika.

Utaratibu huo ulijaribiwa pia kwa kura. Shule 40 ziligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi zikafundishwa na nyingine zikasubiri, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Katika shule zilizofundishwa, wanafunzi waliotoa vitisho walipata ushauri nasaha zaidi, wazazi wao waliitwa zaidi, na waliosimamishwa masomo kwa muda mrefu walipungua sana. Mwaka 2013 Virginia ikawa jimbo la kwanza kuzitaka kisheria shule zake zote za umma ziwe na timu za kupima vitisho.

Njia ya mkato ambayo nchi nyingi huipenda ni kufukuza. Marekani waliijaribu kwa miaka mingi chini ya sera ya kutovumilia kosa lolote, na mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia ushahidi likakuta kwamba sera hiyo haikuzifanya shule kuwa salama zaidi. Sababu si ngumu kuiona. Mtoto aliyefukuzwa haachi hasira yake getini, na walimu na marafiki waliokuwa wakimwona kila siku hawamwoni tena. Kuna pia hasara nyingine isiyoandikwa kwenye jalada: wenzake hujifunza kwamba ukisema neno kuhusu rafiki yako, kesho hayupo. Nani atasema tena?

Mtandao umebadilisha nini katika haya yote? Kwa maoni yangu, kuhusu asili ya jambo, haujabadilisha sana. Kuhusu kasi na kelele umebadilisha mno. Zamani nia ilivuja kwa rafiki wawili nyuma ya bweni. Leo inavuja kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, au kwenye hadhi ya saa 24 inayofutika yenyewe. Maneno husomwa bila sauti wala sura, kwa hiyo mzaha huonekana azma, na azma hujificha kwa kikaragosi cha kucheka. Kisha kila aliyeogopa hutuma mbele ili kuwaonya wengine, na baada ya saa moja kitisho kimezunguka wilaya tatu, shule ambazo hazikutajwa zimefungwa, na hakuna anayejua nani alikiandika kwanza. Baada ya kila shambulio kubwa, polisi wa Marekani hupokea mafuriko ya vitisho vya kuiga, vingi vikiwa vimeandikwa na watoto ambao hawana hata panga.

Katika mafuriko hayo, la kweli linaweza kupita. Februari 14, 2018, watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari ya Parkland, Florida. Septemba iliyotangulia, mtu mmoja alikuwa ameripoti kwa FBI maoni yaliyoandikwa YouTube na mtu aliyesema atakuja kuwa mshambuliaji wa shule. Januari 5, wiki sita kabla ya mauaji, mtu mwingine anayemfahamu kijana yule alipiga simu FBI akaeleza silaha zake na hali yake. FBI ilikiri hadharani kwamba taarifa ile haikupelekwa kwa ofisi ya Miami kama utaratibu unavyotaka. Columbine na Parkland zimetengana kwa karibu miaka 19, na kati yake intaneti ilizaliwa mara mbili. Hitilafu ni ile ile: habari ilifika kwa mtu mzima ikakosa mwenyewe.

Kwa hiyo swali lililobaki ni la watoto. Kwa nini wanaojua hawasemi? Mwaka 2008 Secret Service na Wizara ya Elimu, pamoja na mwanasaikolojia William Pollack, walichapisha mahojiano na vijana waliokuwa wakijua habari za mashambulizi mapema, wengine wakiwa wamesema na wengine wamenyamaza. Walikuwa wachache, kwa hiyo usiwageuze sheria. Ila majibu yao yatamgusa yeyote aliyewahi kulala bwenini. Walionyamaza wengi hawakuamini kwamba mwenzao atafanya, au walidhani bado kuna muda. Wengine waliogopa shule yenyewe: walitarajia kuhojiwa kama washukiwa, au kuadhibiwa. Waliosema waliamini kwamba kuna mtu atakayewasikiliza kwa uzito bila kuwageuzia kibao. Kuwa na mtu huyo kuliamua zaidi kuliko ujasiri.

Turudi nyumbani, ambako silaha si bunduki. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya. Petroli ilikuwa imemwagwa, madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Mwaka 2016 peke yake, zaidi ya shule 100 za Kenya zilichomwa moto katika miezi michache. Mwanaanthropolojia Elizabeth Cooper amechunguza mioto hiyo kwa miaka mingi, na kitabu chake cha 2022, Burning Ambition, kinaonesha kwamba wanafunzi wengi huuona moto kama njia iliyothibitika ya kusikilizwa baada ya barua, wawakilishi na mikutano kushindwa. Moto wa bweni nao ni nadra kuwa siri ya mtu mmoja. Petroli lazima inunuliwe, ifichwe, siku ichaguliwe, na wenye kuonywa waonywe. Kuna watoto wanaojua. Na wanaojua hao wana neno lao kwa yule atakayekwenda kwa mwalimu: mchongezi, au kwa Kiswahili cha mabwenini Tanzania, mnoko. Neno hilo linauma kuliko fimbo.

Fimbo nayo haipo mbali. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inairuhusu kwa kanuni: si zaidi ya viboko vinne, kwa mkono au idhini ya mkuu wa shule. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na nusu hivi walisema kwamba kabla ya kufikisha miaka 18 waliwahi kufanyiwa ukatili wa mwili na mwalimu: kuchapwa, kupigwa ngumi au mateke. Hapa nasema langu, si la ripoti: mtoto aliyechapwa asubuhi kwa kuchelewa hawezi jioni kumwendea aliyemchapa akamnong'oneza kwamba kuna petroli chini ya kitanda. Tunajenga ukuta, tunaweka mlinzi getini, tunafunga kamera kwa shule zenye pesa, kisha tunaukata waya pekee unaofika ndani.

Uzuri ni kwamba jambo hili limepimwa katika ukanda wetu wenyewe. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa kuibadilisha shule nzima: walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi wakikubaliana namna mpya ya nidhamu, watoto wakiwa na kamati zao, na walimu wakijifunza kuadibu bila kupiga. Mtafiti Karen Devries wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine na wenzake waliupima katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, Uganda, nusu kwa nusu, kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, mwaka 2014, waliwauliza wanafunzi kama mfanyakazi wa shule aliwapiga katika wiki iliyopita. Katika shule zisizopata mpango, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 48.7. Katika zilizoupata, asilimia 31. Bado ni wengi mno, lakini ni punguzo kubwa kwa muda mfupi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health.

Ndani ya utafiti ule kuna tarakimu moja ambayo wengi huiruka. Katika awamu ya mwisho ya mahojiano, watoto 434 walisema mambo mazito kiasi kwamba ilibidi wapelekwe kwa huduma za ulinzi wa mtoto. Ukiwauliza watoto kwa faragha, na ukiwa na pa kuwapeleka, wanasema.

Si kila mpango unafaulu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, walikokuwa wakisoma watoto waliotoka Kongo na Burundi, mpango mwingine wa kuwasaidia walimu kutuliza hasira na kubadili mazoea ulipimwa katika shule 27. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 hayakuonesha kwamba vipigo vilipungua. Wakati huo huo, mafunzo ya siku chache kwa walimu, yaliyopimwa katika shule nane za sekondari za umma Tanzania na kundi la Mabula Nkuba na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, yalionesha vipigo kupungua. Mwalimu wa kambini, mwenye darasa lililofurika na maisha yasiyo na uhakika, hana nafasi aliyo nayo mwenzake wa nje ya kambi. Mpango hauhamishwi kama gunia. Hupimwa mahali unapokwenda.

Sasa kwa vitendo. Shule nyingi za kwetu hazina mwanasaikolojia na hazitampata kesho. Lakini zina mkuu wa shule, mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au patroni, na kituo cha polisi, ambacho Tanzania mara nyingi huwa na Dawati la Jinsia na Watoto. Hao wanne wakikubaliana mapema nani anapokea habari, nani anazungumza na mtoto, na nani anawaita wazazi, tayari wamewazidi walioipoteza rasimu ya Colorado. Mwalimu wa nidhamu mwenye fimbo asiwe ndiye mlango wa kuingilia habari. Jukumu hilo liwe la mtu ambaye watoto wenyewe wamemchagua. Na mtoto aliyeleta habari asitajwe, asisimamishwe mstarini kupongezwa, asiitwe ofisini mbele ya wenzake.

Kitisho kikikufikia kwenye simu, kipige picha ya skrini ionekane jina la akaunti, tarehe na saa, kisha kipeleke kwa mkuu wa shule na polisi. Usikisambaze, hata kwa nia njema ya kuonya. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na mbele ya sheria hizo kuandika kitisho si mchezo hata kama mwandishi alikuwa anacheza. Watoto wanastahili kuambiwa hivyo wazi, kabla na si baada. Waambiwe pia kwamba kumtaja rafiki anayezungumzia kuua, kujiua au kuchoma bweni si kumchongea.

Mzazi mwenzangu, muulize mtoto wako jambo moja likizo hii: ukisikia kwamba mwenzako anataka kudhuru watu au kujidhuru, utamwambia mtu mzima gani pale shuleni? Ngoja jibu. Akikutajia jina, mpigie mwalimu huyo umshukuru. Akinyamaza, nenda shuleni ukaseme hivyo kwenye kikao cha wazazi, mbele ya mkuu wa shule. Na mpe namba 116, ya huduma ya simu kwa watoto. Tanzania, Kenya na Uganda hupigwa bure, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.